Mirija ya Lori la Bi Enelika

"Kabla hujang'oa, muulize aliyefunga."

Mmemsikia fundi mkuu akimwambia mwenzenu maneno hayo asubuhi hii, alipomkuta na spana mkononi anafungua kifaa asichokijua. Sasa mmenifuata mimi mzee kuniuliza yalitoka wapi. Mmoja wenu amesema bila shaka ni ya mababu. Hapana, wanangu. Ni maneno ya juzi tu. Waliohusika niliwafahamu wote, na mkono uliokosea ni huu mnaouona. Methali hii ilianza hivi.

Wakati huo nilikuwa mchomeleaji pekee katika kijiji cha Ihanga, huko juu Makete, mahali ambapo mvua ikishaingia haina haraka ya kuondoka. Barabara ya kushukia mjini ilipita kwenye mlima wa udongo mwekundu tuliouita Nyamande. Masika yakianza, malori ya kawaida hayakuupanda mlima ule. Viazi vilioza kwenye magunia na mbao zikalala msituni mpaka zikaota ukungu.

Basi mwaka mmoja habari zikafika kwamba jeshi linapiga mnada malori yake ya zamani. Wanakijiji wawili wakaenda, kila mmoja akarudi na lake. Wa kwanza alikuwa Oden Sanga, mfanyabiashara wa mbao, mtu mwema lakini mwenye haraka, ambaye hata ugali alikuwa akila amesimama. Wa pili alikuwa Bi Enelika Mahenge, mjane aliyenunua viazi vijijini na kuvipeleka sokoni. Huyu mama sauti yake ilikuwa ya chini, lakini maswali yake hayakuisha. Akishika kitu atakigeuza, atakinusa, atakigonga kwa ukucha, kisha atakuuliza, "Hiki kinafanya nini?" Na ukimjibu ovyo anakutazama tu mpaka uone aibu.

Malori yenyewe yalikuwa kama mapacha. Pua ndefu, rangi ya majani makavu, magurudumu sita makubwa, na yote sita yanasukuma. Kijiji kizima kilikuja kuyatazama. Juu ya kabini kulikuwa na tundu la mviringo lenye kifuniko, mtu anaweza kuchomoza kichwa na mabega. Taa moja ya mbele ilivalishwa kofia ya chuma iliyoacha upenyo mwembamba kama jicho la mtu anayesinzia. Kwenye kabini kulikuwa na vishikio na saa za vipimo zenye maandishi ya herufi ambazo hata mwalimu mkuu hakuweza kuzisoma.

Oden aliniletea lake siku iliyofuata.

"Tweve," akaniambia, "vita vimekwisha. Toa kila kitu cha vita humu. Nataka gari la mbao."

Nikaanza kazi, na sitawadanganya, niliifurahia. Nilitoa turubai na mabomba yake, nikajenga bodi ya mbao ngumu. Tukaitoa injini ya petroli iliyokunywa kama ng'ombe wa kiangazi, tukaweka ya dizeli kutoka kwenye lori lililopinduka. Eksozi nikaipandisha juu ya kabini isimeze maji mtoni. Lile tundu la juu nikalifunika kwa bati na kulichomelea.

Ndipo tukafika kwenye mirija. Kwenye kila gurudumu, katikati kabisa, palitokea mrija mnene kama kidole gumba, ukapinda na kuingia kwenye tairi. Magurudumu sita, mirija sita. Na pale gari liliposimama, mirija ile ilikuwa inalia *ssss*, kama nyoka aliyekanyagwa. Upepo ulivuja usiku kucha, na kwa kuwa breki nazo zilitumia upepo uleule, kila asubuhi ilibidi injini ingurume muda mrefu kabla breki hazijashika.

"Hii ni ya nini?" Oden akauliza.

"Sijui," nikasema. "Labda mambo ya kijeshi."

"Basi kata."

Nikakata. Nikachukua gesi, nikaikata mirija yote sita, matundu ya kwenye vitovu vya magurudumu nikayaziba kwa kuchomelea, nikayawekea matairi valvu za kawaida. Mlio ukaisha. Oden akalizunguka lori lake akicheka, akasema, "Unaona? Gari limepona."

Juma lililofuata Bi Enelika akaja na lake, linalia vilevile. Kwa kuwa nilikuwa nimeshapata uzoefu, nikawasha gesi hata kabla hajashuka.

"Kamwene, mama," nikamsalimu. "Nakata hii mirija kama ya Oden, utasahau kelele."

Yeye akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akauweka mkono wake juu ya ule mrija.

"Hiki kinafanya nini?"

"Kinavujisha upepo tu, mama."

"Hiyo ni kazi yake au ni ugonjwa wake?"

Nikaushusha moto wa gesi.

"Fundi Tweve, mimi sijui magari," akaendelea. "Lakini aliyetengeneza hili alikaa akatoboa kitovu cha gurudumu, akapitisha mrija, akaukunja vizuri hivi, tena mara sita. Mtu hajisumbui mara sita kwa jambo lisilo na maana. Zima moto wako. Nitamtafuta anayejua."

Nilicheka alipoondoka. Oden naye alicheka. Yule mama aliacha kazi zake, akapanda basi kwenda Makambako, akauliza kwa huyu na yule, na siku ya nne akarudi na mzee mwembamba, mnyoofu kama mlingoti. Huyo alikuwa Sajenti Kiswaga, mstaafu aliyewahi kuendesha malori ya aina ile miaka kumi na saba.

Sajenti alipoliona lori alilipapasa shavu kama anayemsalimu farasi. Akaingia kwenye kabini, akatuita.

"Mnaiona hii saa ndogo? Inapima upepo wa matairi. Na hiki kishikio kina sehemu tatu: kuongeza, kutulia, kupunguza. Shukeni mkayatazame matairi."

Tukashuka, tukalala kifudifudi. Sajenti akasukuma kishikio. Mirija ikapumua, na mbele ya macho yetu matairi yote sita yakaanza kulegea, yakatanuka chini, yakawa mapana kama nyayo za tembo. Kisha akakirudisha kishikio, injini ikaunguruma, na yale matairi yakajaa tena, polepole, bila mtu kushika pampu.

"Kwenye tope unalilegeza likanyage kwa upana," akasema. "Ukifika pagumu unalijaza. Hata huku unatembea. Mama, hiyo mirija ndiyo pumzi ya gari hili."

"Na ule mlio?" Bi Enelika akauliza.

"Sili zimechoka. Mpira tu huo." Akafungua, akatutolea pete za mpira zilizokauka na kupasuka. Tukabadilisha zote sita kwa siku mbili, na mlio ukaisha kabisa.

Jioni ya siku ya pili nilikwenda kwa Oden kumweleza. Alinisikiliza akiwa anafunga kamba za mbao, akasema, "Langu linakwenda bila mirija, kwa nini nijisumbue?" Na kwa kweli lilikuwa linakwenda. Bado kilikuwa kiangazi.

Masika yalipoingia yaliingia kwa hasira. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, nilikuwa kambini kwa Oden nikirekebisha meza ya msumeno, tukasikia ukelele kutoka bondeni. Gogo lilikuwa limeteleza, likamwangukia Zabroni, shemeji yake Oden, aliyemwoa dada yake mdogo. Paja lilikuwa limevunjika na damu haikutaka kusimama. Tukamfunga kwa mbao na vitenge, tukamlaza kwenye bodi juu ya magunia ya maranda, Oden akashika usukani. Mimi nilikaa nyuma nimeushikilia mguu wa Zabroni. Alikuwa ananiambia, "Tweve, usiniache nilale," nami nikamwuliza majina ya watoto wake, moja moja, ili azungumze.

Nyamande ikatushinda. Katikati ya mlima lori lilianza kuogelea, likateleza kando, likachimba. Kadiri Oden alivyokanyaga mafuta ndivyo lilivyozama. Tukakata matawi, tukatandika, matawi yakamezwa. Nikakumbuka yale ya Sajenti, nikaruka chini nikaanza kutoa upepo kwa mkono, tairi moja baada ya jingine. Lakini nilikuwa nimechelewa. Lori lilikuwa limeshakaa kwa tumbo, ekseli zimelala ndani ya tope. Oden alishuka, akayatazama yale matundu niliyoyaziba kwenye magurudumu, akanitazama mimi.

Ndipo tukasikia mngurumo mwingine unakuja nyuma. Lilikuwa lori la Bi Enelika, limejaa viazi vya kupeleka sokoni.

Oden akamkimbilia akipunga mikono. "Simama, mama! Usijaribu, utazama kando yangu, tutakuwa wawili!"

Bi Enelika akachungulia dirishani. "Nani yuko nyuma?"

"Zabroni. Paja. Anaishiwa damu."

"Mleteni kwangu."

"Na viazi?"

"Mwaga."

"Mama, mvua yote hii, vitaoza!"

"Oden, nimesema mwaga!"

Tulivirusha vile viazi kando ya barabara, gunia juu ya gunia, tukabakiza safu moja ya kumlazia mgonjwa. Bi Enelika akasukuma kishikio. Nikasikia ile mirija ikipumua, na nikaona matairi yakitanuka kama siku ile. Akasubiri. Oden alikuwa anakaribia kulia, anasema, "Twende, mama, twende," naye hakuondoa jicho kwenye ile saa ndogo mpaka mshale uliposhuka hadi pale alipopataka. Kisha akaingiza gia ya chini, akaanza kupanda taratibu kuliko mtu anayetembea. Lori halikuchimba. Lilipita kando ya lile la Oden, likaukanyaga utelezi kama mtu anayepita juu ya godoro, likafika kileleni.

Kule juu ilianza barabara ya mawe. Akakirudisha kishikio na kuendelea kwenda huku matairi yakijaa. Karibu na daraja jiwe lilitoboa tairi la nyuma. Nilisikia upepo ukitoka, nikagonga kabini.

"Nimeona," akajibu. Mirija ilikuwa inaingiza upepo haraka kuliko tundu lilivyoutoa. Hatukusimama.

Hospitalini mjini daktari alimpokea Zabroni, akatuambia kwamba tungechelewa hata saa moja zaidi asingepona. Mguu ulipona, ingawa mpaka leo anachechemea siku za baridi.

Pale nje ya wodi Oden alikaa kwenye benchi, tope mpaka kiunoni. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule ametulia.

"Mama Enelika," akasema, "ulijuaje kwamba ile mirija ina kazi?"

"Sikujua," akajibu. "Ndiyo maana niliuliza."

Lori la Oden tulilitoa Nyamande baada ya siku tano. Nilijaribu kumrudishia mirija. Niliokota vipande vyake kwenye chuma chakavu, nikachimbua nilipoziba, nikakesha nikichomelea. Vitovu vilikuwa vimeshaharibika kwa moto wangu, haikuwezekana. Lori lile liliendelea kubeba mbao wakati wa kiangazi, na masika lilikaa nyumbani. Oden akamwita mchoraji, akaandikisha nyuma ya bodi kwa rangi nyeupe maneno aliyoyatunga mwenyewe. Popote liliposimama sokoni watu waliyasoma, wakauliza, wakasimuliwa, wakayachukua kwao. Baadaye nikayasikia kwenye baraza la kijiji, vijana walipotaka kufukia mfereji wa zamani. Nikayasikia kwa mama mmoja akimshauri mkwewe aliyetaka kubadili kila kitu nyumbani mwezi wa kwanza wa ndoa. Hao hawakuwahi kuliona lori la Oden, wala hawakunijua mimi.

Kwa hiyo mwenzenu asikasirike kwa kukemewa. Hakukatazwa kung'oa. Hata sili za Bi Enelika ziling'olewa, tena zote sita, lakini baada ya kumpata anayejua. Wahenga wa methali hii wako hai, na ndivyo walivyosema: kabla hujang'oa, muulize aliyefunga.