Shada la Bi Mize

Hapo zamani, na mwenye masikio atege, palikuwa na Liwali mmoja, jina lake Sudi. Watu wa mji ndio waliomtaka wenyewe, naye alipokikalia kiti akakikalia kweli. Kisima cha mji akakitia kufuli. Kijana mmoja, Shaame, akauliza, "Kumbe maji nayo yana mwenyewe?" Siku hiyohiyo akafungwa.

Shaame alikuwa na dada, Mwanakheri, mwimbaji wa taarabu. Basi Haji Vuai, mtunzi wa kikundi chao, akamtungia wimbo wa mboga, mboga hii hii ya kula:

*Boga lilipanda paa, kwa ngazi niliyotia,*
*Leo juu limekaa, makuti yaning'inia.*

Wimbo ukapendwa. Ukaimbwa kila harusi, hata Liwali mwenyewe akawa anauimba akinawa uso. Mnacheka? Nani atamfunga mtu kwa ajili ya boga?

Lakini taarabu ina ada yake, mnaijua. Ubeti ukikugusa unainuka kumtunza mwimbaji, kumpa fedha au maua, na njiani unampitia yule unayemkusudia, unamtazama juu hadi chini. Hapo ubeti umeshapata mwenyewe. Ndiyo maana Haji alimwonya Mwanakheri, "Siku Liwali akiwapo, ubeti wa boga uruke. Kuna watu hawawezi kukaa kitako."

Ikaja harusi ya binti wa Liwali, na kikundi kikaitwa. Mwanakheri alikwenda na hasira zake, maana tangu Shaame afungwe mama yao hali akashiba. Akauimba ubeti wa boga, akaurudia, macho kwa Liwali. Bi Mize, mpishi wa harusi, akatoka jikoni na shada la asumini. Akawapita wazee, akampita bibi harusi, akasimama mbele ya Liwali. Akamtazama kofia, akamtazama viatu. Ndipo akaenda kumvisha Mwanakheri shada. Mtu mmoja akacheka, kisha wakacheka wote.

Asubuhi Liwali akawaita Haji, Mwanakheri na Bi Mize. Shaame naye akaletwa, amekonda hata dada yake akashindwa kumtazama.

"Mwanakheri," akasema Liwali, "ndugu yako namtoa leo. Lakini chumba chake hakikai kitupu. Nitajie aliyenitukana, mmoja tu, aingie yeye."

Haji akawahi kusema, "Mimi nilitunga boga, basi. Na nilikwambia uliruke. Nina watoto, Mwanakheri."

"Mimi nilitunza, na kutunza ni ada," akasema Bi Mize. "Ungeimba ukitazama ukuta, ningebaki na masufuria yangu. Ila sijuti. Nikitoka hapa nitatunza tena."

"Mimi niliimba," akasema Mwanakheri, "lakini maneno si yangu. Na bila shada lile, watu wangekula pilau wakaenda zao." Akaona aibu maneno hayo yalipomtoka.

"Dada, usimtaje mtu," akasema Shaame. "Nirudi mimi."

Mama yao alikuwa mlangoni, analia. "Taja, mwanangu. Taja yeyote."

"Nasubiri," akasema Liwali.

Haya, nanyi mnaokunywa kahawa yangu, msinijibu kwamba hapana mwenye kosa. Jibu hilo Liwali halitaki, na Shaame bado kasimama pale baina ya askari wawili. Aliyetunga, aliyeimba, aliyetunza: je, nani alistahili kuingia?