Kitabu Kizito cha Mzee Shehoza

"Kitabu kinene haking'oi jino." Mnaisema, wanangu, mnataniana nayo, halafu mnaniuliza imetoka wapi. Sogeeni basi, na huyo wa mlangoni aingie akae, nyumba haijai watu. Methali hii ilianzia Ngamiani, mjini Tanga, na ilianza kwa hasira.

Alikuwako binti akiitwa Siwatu, kamaliza kidato cha sita, roho yake yote iko kwenye chuo cha udaktari wa meno. Chuo hicho kilikuwa na mtihani wake wa kuingilia: maswali arobaini ya baiolojia kwa nusu saa. Kwao walishamwambia mapema kwamba akianguka hakuna kungoja mwaka wa pili, atakwenda Korogwe kwa shangazi yake kushona mashuka.

Siwatu alilelewa na mjomba wake, Mzee Shehoza, aliyepima mizigo ya mkonge ghalani miaka thelathini. Mkono wake ulikuwa mzani. Akinyanyua mzigo, anakutajia kilo zake, na mzani wenyewe ukija unamuunga mkono. Na nyumbani kwake ilikuwa desturi: kitu kikubwa cha mtoto huchaguliwa na wakubwa, mtoto hufuata nyuma kafunga mdomo.

Basi wakaenda duka la vitabu. Siwatu alikwishafika pale mara mbili peke yake, akasoma kwa kusimama, akakipata anachokitaka: kitabu chembamba cha maswali, kinachoeleza kila jibu, hata lile la makosa limekosea wapi. Akakionyesha kwa kidole. Mjomba akakiweka mkono wa kushoto, na mkono wa kulia akabeba kingine, kinene, chenye maandishi ya dhahabu.

"Hiki chembamba kina nini? Upepo!"

"Mzee, ungemuuliza msomaji," muuzaji akasema.

"Msomaji kazi yake kusoma. Kupima ni kazi yangu."

Kikanunuliwa kinene. Siwatu akasoma kuvu na mwani, akasoma konokono, akasoma minyoo ya kila aina, hadi macho yakamwuma. Mwezi ulipokwisha chuo kikatoa jaribio la kujipima kabla ya mtihani wenyewe, na Siwatu akapata kumi na moja kati ya arobaini.

Habari ilifika mtaani kabla yake. Alipoingia nyumbani akakuta ukumbi umejaa mashangazi na majirani, vikombe vya kahawa mkononi, maneno yakimwagika.

"Kumi na moja! Na kitabu chote kile!"

"Kingekuwa godoro, angelalia."

"Huenda ndivyo anavyofanya."

Wakacheka. Siwatu akavua viatu. Wala hakuna aliyekiuliza kitabu.

Siku hiyo mjomba aliumwa na jino, shavu limetuna kama kaficha limau. Akasema huku kalishika: "Nimekuchagulia kizito kuliko vyote dukani. Kitabu hakina kosa. Chepesi ni kichwa."

Hapo ndipo Siwatu alipochoka. Akaingia chumbani, akatoka na kitabu kakibeba kwa mikono miwili, akakitua mapajani mwa mjomba wake.

"Haya, mjomba. Kizito hicho. King'oe jino."

"Unasemaje wewe?"

"Jino linakuuma, na kizito kuliko vyote dukani hicho hapo. Kibandike shavuni tuone! Konokono wamepewa kurasa sitini. Jaribio limeniuliza mshipa wa fahamu unafikaje kwenye jino, kitabu chako kina mistari miwili. Chumba cha mtihani nakaa mimi. Korogwe nakwenda mimi. Kuchagua, hata kuulizwa sikuulizwa! Mlinipimia kitabu kama mkonge, leo mnanipima kichwa?"

Bi Mwanakombo, kikongwe wa nyumba ya jirani, asiye na jino hata moja, akaangua kicheko. "Shehoza, umejibiwa! Kitabu kinene haking'oi jino!"

Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa ukiisema.

Mjomba hakuomba radhi. Wanaume wa namna ile huwa hawaombi. Ila asubuhi alikitia kitabu kwapani, akaenda na Siwatu dukani kukibadilisha. Mlangoni akasimama. "Ingia. Mimi nangoja hapa hapa."

Siwatu akafungua vitabu kimoja kimoja, akitafuta yale maswali yaliyomwangusha. Akachukua kile chembamba, na kingine cha mwili wa binadamu, chembamba vilevile. Zilibaki wiki tatu. Akasoma, akafanya mtihani, akapata thelathini na tatu. Korogwe akaenda kusalimia tu.

Miaka ikapita, jino jingine la mjomba likaamka, akapelekwa kwa Daktari Siwatu. Akalazwa kitini. Akaitazama koleo mkononi mwa mpwa wake, mazoea yakamshinda.

"Mbona kidude chenyewe chepesi hivyo?"

"Fungua mdomo, mjomba."

Akafungua, jino likatoka. Ndiyo hiyo, wanangu: kitabu kinene haking'oi jino.