Bwana Arusi Kizingitini

Mtoza mlango hukalia kizingiti. Mama yenu kayasema hayo leo kwa hasira, aliporudi kutoka benki alikotozwa ada juu ya ada kufungua akaunti, nanyi mnaniuliza yametoka wapi. Mmeuliza penyewe. Siku methali hii inazaliwa, komeo nilikuwa nimelishika mimi.

Kulikuwa na Bwana Shembago, mwenye kampuni ya maji hapa mtaani. Ukitaka bomba, ulipe ada ya kujiunga. Ukishalipa, kuna ada ya fomu. Halafu ada ya uendeshaji. Ukiuliza kinaendeshwa nini, karani anakwambia ndio utaratibu. Dada yangu Mwanatumu alilipa zote. Akawekewa bomba uani, linang'aa, na miezi minne halikutoa hata tone. Akawa bado anabeba ndoo kichwani, na miguu yake ile mibovu. Ilimuuma sana.

Lakini Mungu si Athumani. Bwana huyo akaja kumposa Saumu, mjukuu wa Mwanatumu. Msichana kampenda, tufanyeje? Tukakubali.

Siku ya arusi alikuja na joho lake, akakuta chumba cha biharusi, hapo hapo kwa Mwanatumu, kimefungwa, nasi mabibi tuko ndani. Hiyo ni desturi: bwana arusi hutoa kifungua mlango, mabibi wakamfungulia. Akapenyeza noti. Mwanatumu akashukuru, akasema hiyo ni ada ya kujiunga. Akapenyeza nyingine, ikawa ya fomu. Ya tatu ikawa ya uendeshaji. Mimi nacheka mpaka komeo linataka kuniponyoka.

"Uendeshaji wa nini, bibi?" akauliza. "Mlango si huu hapa?"

"Na bomba si lile pale uani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Akataka kuongeza pesa, Mwanatumu akazirudisha zote chini ya mlango.

"Noti zako hizo, mjukuu wangu. Mimi nataka maji."

Akaketi kizingitini na joho lake, jasho linamtiririka, akampigia simu fundi wake akafungue koki ya mtaa wetu. Tukangoja mpaka pilau ikapoa. Alasiri bomba likakohoa, likatema kutu, likatoa maji. Mwanatumu akatokea mlango wa uani, akakinga ndoo ya kwanza akalia, maskini, kisha akarudi akaniambia nifungue. Bwana arusi akaingia, akamkuta biharusi amelala fofofo.

Mpaka leo ofisini kwake ada ni moja tu, na maji yanatoka siku hiyo hiyo. Ukimuuliza sababu, atakwambia mwenyewe huku akijipapasa nyuma ya kanzu: mtoza mlango hukalia kizingiti.