Chai ya Mara ya Kumi

Wewe unayecheka ukiona mtu katiliwa dawa ya usingizi kwenye filamu, umewahi kumwona aliyetiliwa kweli?

Basi sikiliza. Walikuwapo watu watatu Morogoro, wakitengeneza filamu ya kuchekesha. Gervas, mwongozaji, alikuwa na jicho: akitazama kwenye kamera hakosei. Mwasiti, msimamizi wa vifaa, alikuwa na mkono: vyombo vyake safi, chai yake tamu. Zaituni alikuwa na elimu. Alisomea uuguzi chuo kikuu, akakaa wodini miaka kumi na miwili, na sasa walikuwa wamemwajiri kwa ukali wake, awaambie lipi kweli, lipi porojo.

Na alikuwapo Pazi, mwigizaji. Kipaji chake kilikuwa kuanguka.

Siku hiyo Pazi alikuwa bwana harusi anayewekewa dawa na mama mkwe ili ndoa isifungwe. Akanywa funda moja, akageuza macho, akaanguka puu, akakoroma.

"Ndugu yangu, dawa si swichi ya taa," Zaituni akamwambia. "Ulimi unakuwa mzito kwanza. Mtu anarudia maneno. Ukimwambia ana usingizi, anakubishia."

Akatoa kasha la vidonge vyake vya usingizi, vikali, alivyoandikiwa na daktari, akaliweka mezani Pazi aone.

"Dada Zai, watu wanalipa wacheke," Pazi akasema. "Udaktari watausoma wapi na popkoni mkononi?"

Walirudia mara tisa. Mara tisa Pazi akaanguka kama gunia la mkaa. Na kwa kundi hilo chai ya kwenye kamera ilikuwa chai kweli, kila marudio kikombe kipya.

Wakaenda kula chakula cha mchana, kasha likabaki mezani.

Gervas alirudi wa kwanza. Nyumba ya watu waliyoikodi kupigia picha ilitakiwa kurudishwa jioni ile, na filamu bila kipande hicho haikuwa filamu. Akasaga kidonge kimoja, akakitia kwenye birika dogo la chai ya Pazi. Kimoja tu, Pazi apunguze mbwembwe.

Mwasiti akaja baadaye. Alikuwa ameandaa chai tisa na kuosha vikombe tisa, na mgongo ulimuuma. Akasaga kimoja, akakipaka ndani ya kikombe. Kimoja tu, tumalize twende nyumbani.

Zaituni akaja wa mwisho. Yeye hakuwa na haraka wala mgongo. Alitaka waone kwamba anayosema ni kweli. Kimoja, ndani ya sukari ya Pazi. Kimoja kisingemdhuru mtu mzima mwenye afya; hilo alilijua kuliko wote. Vilivyobaki kwenye kasha hakuvihesabu.

Mara ya kumi, Pazi alikunywa chai yote. Dakika zikapita, kamera ikiendelea kurekodi.

"Mama mkwe," akasema polepole, "chai yako hii... nimeshakwambia kuhusu chai?"

"Una usingizi, baba," mwigizaji wa mama mkwe akamwambia.

"Nani? Mimi?" Akateleza kwenye kiti taratibu, kama nguo inayoanguka kambani. Watu wakauma mikono ya mashati wasicheke kwa sauti.

Gervas aliposimamisha kamera, wakapiga makofi.

"Jicho langu hilo," akasema.

"Jicho gani? Chai yangu hiyo, bwana," Mwasiti akamjibu.

"Nani aliwafundisha?" Zaituni akauliza, akicheka. Kisha akatazama kifua cha Pazi, akaacha kucheka. Alihesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa sita tu, nusu ya zinazotakiwa.

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo, mkavu. "Amekunywa nini, na kiasi gani?"

"Chai," Gervas akasema.

"Ni uchovu, dokta," Mwasiti akasema. "Tumeamkia kazini."

"Midomo imeanza kuwa ya bluu. Mnanificha, nami natibu nisichokijua."

Zaituni alifungua kasha ndani ya mkoba, akahesabu kwa kidole. Vimepungua vitatu. Akawatazama wenzake, wote wawili walikuwa wanasoma sakafu. Kasha lilikuwa na jina lake. Akisema vitatu, vyote vitakuwa vyake. Akisema kimoja, atakuwa amesema kweli, na Pazi atatibiwa kwa uongo.

"Nilimtilia kidonge cha usingizi mimi," akasema. "Kimoja. Lakini tumboni mwake vimo vitatu."

Haya, msikilizaji: mwenye amri, mwenye kikombe, na mwenye kujua. Pazi asipoamka, mzigo mkubwa utambebesha nani? Na huyu aliyesema, utampunguzia?