Kiboko Alinunua Nyuzi, Hakununua Maneno

Hapo zamani za kale, mawe yalipokuwa bado laini na mito haijachagua pa kupita, wanyama wa bonde moja walikuwa wakizungumza kwa nyuzi. Msinicheke, ndivyo ilivyokuwa. Kila mlango ulikuwa na uzi, na nyuzi zote zilikwenda kukutana kwenye utando mkubwa wa Bibi Buibui, juu ya mgunga ulio katikati ya bonde. Ukitaka kumsalimu shangazi yako ng'ambo ya mto, unavuta uzi wako, tiki tiki, unamtaja unayemtaka, Bibi Buibui anaunganisha, na sauti yako inafika kabla uji haujapoa.

Sasa, kwenye majabali ya juu aliishi Bi Pimbi na mwanawe Tunu. Pimbi mnamjua, yule mdogo wa kahawia asiye na mkia, ukimwona utadhani sungura aliyesahauliwa masikio. Tunu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na mtoto anayejifunza kutembea hashikiki, ukigeuka kukoroga chungu yeye yuko mlangoni, yuko juani, yuko juu ya jiwe. Na juu ya jiwe ni anga, na angani ni Tai.

Ndiyo maana Bi Pimbi alikuwa na uzi wa pili. Huo haukuwa wa maongezi. Ulianzia kwa Bi Hondohondo, mlinzi aliyekaa kileleni, na mwisho wake ulifungwa vibuyu vikavu juu ya mlango wa Bi Pimbi. Hondohondo akiona kivuli cha Tai tu, anavuta. Chaka chaka chaka. Bi Pimbi anatupa mwiko, anamzoa mtoto, anaingia kwenye ufa wa jabali. Siku Tunu alipozaliwa, Bibi Buibui alimwambia, "Uzi huu, mwanangu, hautakatwa. Mvua inyeshe, upepo uvume, huu hautakatwa." Tangu hapo Bi Pimbi alikuwa akilala usingizi.

Basi siku moja habari ikapita kwenye nyuzi zote. Bibi Buibui amechoka, miguu inamuuma, na mwenye miguu minane akisema miguu inamuuma si jambo dogo. Ameuza utando wake kwa Kiboko, kwa bei ya kinamasi kizima chenye mbu wanono, na yeye amehamia kwa binti yake.

Kiboko alikuwa mgeni. Alitoka mto wa chini, mila za bonde hakuzijua wala hakuziuliza. Alikuja asubuhi, gudu, gudu, gudu, akasimama chini ya mgunga.

"Wateja wangu wapendwa," akasema, "msiwe na wasiwasi. Hakuna kitakachobadilika."

Mtu akikuambia usiwe na wasiwasi kabla hujawa nao, hapo ndipo unapouanza.

Kanga, mama wa vifaranga wengi, akauliza, "Bwana Kiboko, kesho nikiamka, uzi wangu utakuwepo?"

"Utakuwepo."

"Na nitaitwa jina langu hili hili, au nitapewa jingine?"

"Hili hili. Kwa sasa."

"Kwa sasa mpaka lini?" akauliza Nungunungu.

"Wewe mbona maswali yako yanachoma?"

"Hata mgongo wangu unachoma, bwana. Ndivyo nilivyozaliwa. Mpaka lini?"

"Mwenye swali avute uzi wake, atajibiwa," akasema Kiboko, akarudi majini.

Wakavuta. Kumbe kwenye kiti cha Bibi Buibui ameketi Chura. "Krooo. Sauti yako ni ya thamani kwetu. Tafadhali subiri. Krooo." Bi Pimbi akasubiri. Maharage yakashika chini ya chungu. Akasubiri, Tunu akalia, akambembeleza kwa mguu huku sikio liko kwenye uzi. "Krooo. Bado wewe ni wa thamani." Kisha uzi ukanyamaza, puu, hata kwaheri hakuna.

Siku zikapita hivyo. Halafu asubuhi moja, Bi Pimbi anatwanga, Tunu yuko nje anaongea na mende, vibuyu viko kimya. Mara giza likapita ndani ya kinu. Giza, mchana kweupe. Hakufikiri, wala sijui alifikaje nje, ila alimdaka mtoto kwa mguu akajirusha naye kwenye ufa, na nyuma yake kucha zikakwaruza jiwe, kwaruuu.

Mle ndani alimpapasa Tunu kichwa, mbavu, vidole, akarudia tena kichwa. Mzima. Mtoto alikuwa anacheka, alidhani ni mchezo.

"Nimevuta, Pimbi!" Hondohondo alikuwa akipiga kelele huko kileleni. "Nimevuta mpaka mdomo unauma!"

Bi Pimbi akatoka, akatazama juu ya mlango. Vibuyu vilikuwepo. Uzi haukuwepo.

Akamfunga Tunu mgongoni kwa mbeleko, akateremka mpaka mtoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Foleni iko kule."

"Uzi wangu wa vibuyu uko wapi?"

"Ule usio na maongezi? Niliuona umelala tu, nikaupeleka kwenye mashamba ya maboga. Ngedere ananivutia yakiiva."

"Ule ni uzi wa mtoto wangu. Leo Tai amemkosa kidogo tu. Bibi Buibui aliniahidi hautakatwa."

"Bibi Buibui aliahidi, si mimi." Kiboko akapiga miayo, ukamwona mpaka kooni. "Mimi nilinunua nyuzi, mama. Sikununua maneno." Akazama, bwabwabwa, ikabaki povu.

Bi Pimbi alikimbia mpaka kwa binti wa Buibui. Alimkuta Bibi ananing'inia kwenye pembe ya jiko, na binti anapika boga.

"Bibi, ulipomuuzia ulimwambia ahadi zako?"

"Hakuuliza, nami sikusema," akajibu Bibi Buibui, na alikuwa anaona haya. "Miguu ilikuwa inawaka moto, mwanangu. Nilitaka tu yaishe."

Bi Pimbi akalia kidogo, maana kulia pia ni kazi na lazima ifanywe. Kisha harufu ya boga ikampanda puani, akanyamaza ghafla.

"Bibi, sisi hatujakufanyia kufunga nyumba."

"Kufunga nyumba? Sijafa mimi."

"Hujafa, lakini umehama. Nyumba yako imefungwa, na haijapikiwa."

Hii ilikuwa mila ya bonde. Mwenye nyumba akiondoka, iwe kwa kufa au kwa kuhama, majirani hupika, na katikati ya mkeka huwekwa sahani moja iliyofunikwa kawa. Hiyo ni sahani ya mrithi. Atakayeila mbele ya watu amechukua kigoda cha aliyeondoka, na kila neno ambalo aliyeondoka aliwaachia majirani. Bibi Buibui alicheka mpaka binti yake akadhani amepaliwa.

Wakapika chini ya mgunga. Boga lililopondwa, nazi, iliki, likafunikwa, na upepo ukaelekea mtoni kama ulioagizwa. Kwanza yakatokea matundu ya pua. Kisha macho. Kisha Kiboko mzima, anachuruzika maji.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," akasema Bi Pimbi. "Tunafunga nyumba ya Bibi Buibui. Karibu, bwana mkubwa, kaa pale na wageni, utaletewa uji."

"Uji? Na hiyo iliyofunikwa?"

"Hiyo si ya kila mtu. Ni sahani ya mrithi, atakula Nungunungu."

Nungunungu akakunja mikono ya kanzu. "Mniwie radhi, jamani, nimekuja na njaa."

"Nungunungu amerithi nini?" Kiboko akasogea. "Nyuzi ni zangu."

"Nyuzi ni zako, hakuna ubishi. Lakini mrithi ni jambo jingine, anabeba nafasi yote ya aliyeondoka, na ni mzigo. Usijisumbue. Kunywa uji wako."

"Mzigo? Unamwambia nani habari za mzigo? Tazama mgongo huu, kisha tazama ule wa Nungunungu."

"Wangu una miiba," akasema Nungunungu, "lakini utajitahidi."

Bi Pimbi akashika kawa, hakulifunua. "Basi useme mbele ya watu, nisije nikalaumiwa. Nani mrithi wa Bibi Buibui?"

"Mimi."

"Wa nafasi yake yote?"

"Yote. Sogeza sahani."

"Fikiri kwanza. Nungunungu yuko tayari kukusaidia."

"Nimesema sogeza!"

Akaisogeza. Mbwoo, mara moja. Akalamba sahani, akalamba na kawa, akajifuta kwa sikio. Kanga akapiga vigelegele mpaka vifaranga wakaziba masikio, kisha akainuka.

"Mrithi wetu, hongera. Bibi aliniahidi wanangu watazungumza na bibi yao kila jioni bila kusubirishwa."

"Mimi aliniahidi jina langu halitabadilishwa," akasema Nungunungu. "Si kwa sasa. Siku zote."

"Mimi," akasema Bi Pimbi, "aliniahidi uzi wa vibuyu hautakatwa."

"Nyinyi hamsikii?" Kiboko akanguruma. "Nilisema sikununua maneno."

"Hukuyanunua, bwana mkubwa," akasema Bi Pimbi. " Umeyala."

Juu ya mti Hondohondo akaanza kucheka, kha, kha, kha.

"Kwetu mto wa chini hakuna mila hii."

"Ila kuna kula bila kuuliza," akasema Bibi Buibui, akishuka polepole kwa uzi wake mwenyewe mpaka mbele ya pua ya Kiboko. "Mwanangu, kama wewe si mrithi, rudisha chakula sahanini kama kilivyokuwa. Hatutakulaumu."

Kiboko akatazama tumbo lake.

"Na asipokirudisha wala asikubali," akasema Kanga, "kila mmoja wetu afungue uzi mlangoni kwake. Utando usio na mtu mwishoni ni taka ya kufagia."

Kiboko akaketi, ardhi ikatikisika.

"Boga lilikuwa tamu," akasema mwishowe. "Ngedere nitamwambia aache kuvuta."

Siku ile ile alipanda majabali akihema, uzi kaukamata kwa meno, akaufunga mwenyewe. Chura akarudishwa kuimba, kazi aliyoijua, na kwenye kiti akawekwa binti wa Buibui.

Kesho yake Tunu yuko juu ya jiwe, anaongea na mende wake. Chaka chaka chaka. Bi Pimbi akatupa mwiko, akamzoa, wakaingia ufani, na Tai akapita akakamata jua tupu. Bi Pimbi aliketi mle gizani, akacheka shingoni mwa mwanawe mpaka machozi yakamtoka. Kisha akautafuta uzi wa maongezi.

"Umevuta vizuri, Bi Hondohondo."

"Najua. Nenda ukakoroge chungu chako."

Anayekula sahani ya mrithi amekula na ahadi za aliyeondoka.

Hadithi imeingia ufani na mtoto wake, mimi nimebaki nje na mwiko wangu.