Kukichapa Kigoda

Palikuwa na mama mmoja, mshonaji, na binti yake wa miaka mitatu. Binti akijikwaa kwenye kigoda akalia, mama alishika fimbo. "Nani kamuumiza mwanangu? Kigoda hiki? Shika adabu!" Pa, pa! Binti akacheka, machozi yakakauka. Nani kati yetu hajapata kumchapia mtoto kigoda, au sakafu?

Siku moja mwalimu wa chekechea akamwita. "Mama, mwanao akiguswa kidogo tu, anapiga. Leo kamng'ata mwenzake aliyeteleza akamwangukia. Mama wa yule mtoto anataka wako aondoke."

"Nyumbani hapigani na mtu, mwalimu. Kajifunza wapi?"

Binti akajibu mwenyewe: "Kaniumiza. Nikampiga kama kigoda."

Mama akakosa pa kuficha uso. Akaomba apewe muda hadi shule ifungwe, akapewa. Fimbo ikawa kuni. Tangu hapo binti akianguka, mama alimpuliza goti: "Pole, mwanangu. Panauma wapi?" Na akigombana na mtoto wa jirani: "Na mwenzako je, yeye panamuuma wapi?" Binti alinuna, alisusa. Mama hakuchoka.

Siku ya kufunga shule, wazazi wamejaa uani, yule yule mvulana aliyeng'atwa akajikwaa. Bakuli lake la uji likamwagika lote juu ya gauni jipya la binti.

"Leo atamla nyama," mtu akanong'ona.

Mama akaanza kupenya katikati ya wazazi amfikie binti. Mama wa mvulana alikwisha fika, mkono juu, amzabe mwanawe kibao kwa kumtia aibu.

Binti akatazama gauni lake. Akakunja ngumi. Kisha akamwona mwenzake analia. Akachuchumaa, akampuliza goti. "Pole. Panauma wapi?"

"Uji wangu!"

"Usilie. Tutakunywa wangu."

Ule mkono uliokuwa juu ukashuka taratibu, ukampangusa mvulana machozi. Na vigelegele vilipolipuka uani, aliyeanza kuvipiga ni yule yule aliyetaka binti afukuzwe!

Ndugu zangu, sisi huombea amani kila ibada, kisha tukirudi nyumbani tunamfundisha mtoto kwamba kila maumivu lazima yapate wa kuchapwa. Halafu twalalamika: watoto wa siku hizi hawana huruma. Nani kasema? Wanayo! Wanangoja tu kuoneshwa namna inavyofanywa, na wakioneshwa, watatushinda sisi wakubwa.