Komba, Bibi Kobe na Mashua Iliyotoboka

Mpo?
Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo.
Basi yategeni, nimimine.

Hapo kale Komba alikuwa na mashua ndogo. Alisafiri kisiwa hadi kisiwa na Bibi Kobe, aliyemlea tangu alipofiwa na mama yake. Sasa Bibi alikuwa na mayai tumboni. Alitaka kuyafukia katika kisiwa alichozaliwa, ambako hakuna wa kuyala.

Njiani mashua ikagonga mwamba, kwaruu! Maji yakaingia, bwi bwi bwi. Wakajikokota hadi kisiwa cha karibu. Kumbe kina mwenyewe, Nguruwe mwenye meno marefu.

Nguruwe akamnusa Bibi Kobe, nf nf nf. "Huyu ana mayai," akasema. "Haondoki mpaka ayatage hapa, niyale."

Bibi akaingiza kichwa ndani ya gamba. Komba akamwinamia. "Bibi, yazuie kidogo."

"Nitazuia niwezavyo, mjukuu wangu. Usikawie."

Komba akamwendea Nguruwe. "Bwana mkubwa, mayai ya kobe mmoja yatalifaa nini tumbo kama hilo? Kule tuendako kobe wamejaa pwani nzima. Shida ni mashua tu, imetoboka."

Nguruwe akameza mate, gluu. "Tuitengeneze. Nami naenda."

Nguruwe akaivuta mashua mchangani, hiya, hiya. Nguruwe akaponda makumbi ya nazi, pu, pu. Nguruwe akachemsha utomvu, toko toko. Komba akasokota nyuzi za makumbi kwa vidole vyake vyembamba, akazishindilia kwenye nyufa, akapaka utomvu juu. Kisha akaenda kukaa mwambani, akatazama maji yanavyokupwa na yanavyojaa, na wapi pana kina.

Maji yalipoanza kujaa, wakapanda wote watatu. Walipofika penye mlango wa miamba, mashua ikakwama kwenye fungu la mchanga.

"Ni uzito," alisema Komba. "Shuka usimame hapo, bwana mkubwa, utupimie maji."

Nguruwe akashuka.

"Yamefika kwatoni."

"Bado, bwana."

"Yamefika magotini."

"Bado, bwana."

"Yamefika kifuani."

"Ahsante, bwana."

Mashua ikaelea, swaa. Komba akatweka tanga. Nguruwe akaogelea nyuma yao mpaka akachoka, akageuka kurudi kwake huku analia.

Bibi Kobe akatoa kichwa. "Maskini. Makumbi aliyaponda vizuri."

"Vizuri sana, Bibi. Halipiti hata tone."

Alfajiri wakafika. Bibi akachimba mchanga pole pole, Komba akimpepea kwa jani. Akataga, akafukia, akatokwa na machozi. Komba akajilaza kando yake, mkono juu ya gamba, wakasinzia.

Nami ndipo nilipowaacha. Aliyesikia amsimulie aliyelala.

Na funzo lake? Msiseme uongo, wanangu. Njia ya mwongo ni fupi. Ndiyo maana Komba aliwahi kufika.